Maji ya kufulia kwenye migomba

Kiangazi cha Tabora mnakijua. Mvua ikikata Mei, mpaka Oktoba au Novemba ndiyo unaiona tena. Bomba la Ziwa Victoria limetupunguzia adha, lakini bili ya kumwagilia bustani? Thubutu!

Basi maji ya kufulia na kuogea nayapitisha kwenye pipa la kokoto na mchanga, yanaenda kwenye migomba na mipapai. Maji ya choo hayamo, na yenye jiki namwaga kando.

Mama mwenye nyumba alipoona akashtuka: “Mwanangu, unataka kutulisha uchafu?” Nikamwambia Israeli wanarudisha shambani karibu asilimia 90 ya majitaka yao, ila wao wanayasafisha kwa mitambo. Hata mabwawa ya majitaka yanasaidia: maji yakitulia muda mrefu, mayai ya minyoo yanazama chini, jua linaua vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka yai lisizidi 1 kwa lita. Pipa langu halifiki huko, ndiyo maana mchicha na nyanya haviyagusi.

Juzi kaniuliza kokoto nilinunua wapi.