Kopo la Vifungo

Jana binti yangu alikuwa anatafuta kifungo cha shati la shule, akaibuka na lile kopo la njano. Akasoma lebo kwa shida: "Bayotini, elfu kumi." Kisha akaniuliza, "Mama, elfu kumi ndiyo bei?"

Laiti ingekuwa bei. Kopo lile nililinunua Kariakoo kwa hela ya nepi za huyohuyo anayeuliza. Elfu kumi ni mikrogramu za bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele. Mtu mzima 30 tu kwa siku zinamtosha.

Alikuwa na miezi minne. Nimekaa kwenye kigoda, saluni, Sinza, kichwa kimelala gotini kwa dada msusi, naye anafumua yeboyebo huku ananisimulia visa vya mwenye nyumba wake. Ghafla akanyamaza. Msusi hanyamazi hivihivi. Redio ikabaki inaongea peke yake, nami nasikia vidole vyake vinapita juu ya sikio langu la kulia, vinarudi, vinapita tena, kama mtu anayebonyeza embe kutafuta palipooza. Kisha akanifungulia kiganja. Rasta, na nywele zangu zimeng'ang'ania humo, kila unywele na kidoto cheupe nchani.

"Pole, dada," akasema, kwa sauti ya msibani.

Mengine yalikwenda haraka. Kopo, kidonge kila asubuhi, na baada ya wiki sita hospitali, maana uchovu nao ulizidi. Daktari aliuliza kama natumia dawa yoyote, nikajibu hapana. Vitamini nayo dawa? Majibu yakaonyesha tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Nilipotaja kopo, akaweka kalamu chini. Bayotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya tezi. Niache kwanza, nipime upya. Tezi ikaonekana nzima. Kilichopungua ni madini ya chuma, nikarudishiwa vidonge vya kuongeza damu, vilevile nilivyokuwa navificha chini ya godoro nikiwa mjamzito.

Mama, kwa simu kutoka Tanga, alicheka tu: "Zitarudi. Hata wewe ulininyonyoa hivyohivyo."

Mtoto alipotimiza mwaka zilikuwa zimerudi. Nimshukuru nani? Chuma, kupumzika kusuka, au kalenda? Dada msusi yeye hana shaka. Siku hizi anauza makopo yale pale saluni, na mteja akisita, ananinyooshea kidole: "Muulizeni huyu!"

Sijawahi kumbishia. Ananisuka kwa bei ya zamani.