Nilivyoacha krimu ya madoa na uso wangu ukarudi

Naandika hii nikiwa nimeudhika, maana juzi tena nimemsikia mtu anamwambia binti "ukiona uso unawaka ujue sumu inatoka, endelea kupaka". Ndo maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, yakanila karibu mwaka mzima.

Siku hizi kila mtu anauza vipodozi mtandaoni, na mimi nikanunua krimu ya kutoa madoa ya chunusi. Wiki moja tu madoa kwisha, uso laini, kila nikipita naulizwa unapaka nini. Mwezi wa tatu nikaanza kuona vishipa vyekundu puani, vinyweleo mashavuni, jua likinipiga uso unachonyota kama umepakwa pilipili. Nikaacha ghafla. Siku ya nne uso umevimba, mwekundu, unawasha hadi silali, nikamwandikia muuzaji akanijibu "vumilia mpenzi, ngozi inajisafisha", nikapaka tena na usiku uleule ukatulia, nikaamini kabisa krimu ni dawa kumbe ndo mtego wenyewe. Kuna aliyenishauri limau. Jamani, msipake limau mkatoka juani, liliniachia alama nyeusi kushinda zile za mwanzo.

Kilichoniokoa ni stika. Tyubu ilikuwa na lebo nzuri imeandikwa mimea asilia, siku moja nikaona kona yake imenyanyuka, nikailoweka kwenye maji ya moto nikaibandua taratibu kwa ukucha, na chini yake kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikapiga picha nikaivuta mpaka nikasoma: klobetasoli. Hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, tena katika zile kali kuliko zote, daktari humpa mtu mwenye ukurutu sugu kwa wiki mbili hivi na usoni huwa wanaikwepa. Mimi nilipaka miezi mitano asubuhi na jioni!

Nikaenda kwa daktari wa ngozi na tyubu mkononi (nendeni nayo, msielezee kwa mdomo tu). Akaniambia nina bahati haikuwa zebaki maana ile inaharibu figo, na krimu zake bado zinazunguka ingawa 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki mwisho wake uwe 2025. Akanishusha kwenye steroidi dhaifu, tukawa tunaruka siku hadi ikaisha, ili uso usiwake tena kama nilivyoacha ghafla. Mafuta mazito yasiyo na harufu, sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye kiwango cha kinga cha SPF 30 kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, basi. Hela niliyomalizia kwenye majaribio ingeninunulia sanskrini za mwaka na chenji ibaki.

Ugumu ulikuwa moyoni, kioo kinakatisha tamaa sana wiki za mwanzo. Nikawa napiga picha kila Jumapili asubuhi, dirisha lilelile, bila filta, nazipanga pamoja. Wiki ya tisa ndo nikaona tofauti, nikalia kwa furaha.

Madoa matatu bado yapo shavu la kushoto, yanafifia polepole, na sijayapaka kitu.