Siku 19 za akiba: nilivyopitisha hoteli yangu kwenye kafyu

Biashara yangu ilikuwa ya jioni. Hoteli ndogo Majengo, Mombasa: mishkaki, viazi karai, chapati na maharagwe ya nazi, wateja wakianza kumiminika baada ya Magharibi. Kafyu ya korona, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni, ilipoanza 27 Machi 2020, saa zangu za mauzo ziliondoka zote kwa siku moja. Hata mchana hakuna aliyeruhusiwa kuketi. Afungiwe chakula, aende.

Usiku huo nilikaa na daftari nikaandika kila ninachodaiwa: kodi, benki, mwenye nyama, mwenye nazi, wafanyakazi wanne. Nikapiga hesabu, akiba ikanionyesha siku 19 tu.

Asubuhi nikaenda kwa mwenye nyumba kabla tarehe ya kodi haijafika, nikampa daftari lenyewe. Akalifunua polepole, akavua miwani.

"Mwanangu, wengine wamenizimia simu. Nipe nusu, iliyobaki tutaandikiana."

Benki nayo niliiwahi. Benki Kuu ilikuwa imefungua njia ya kupanga upya mikopo ambayo haikuwa na malimbikizo kufikia 2 Machi, na wangu ulikuwa safi. Nikapewa miezi mitatu ya kulipa riba peke yake. Ningesubiri nikwame kwanza, siamini ningesikizwa vile.

Kisha nikahamia asubuhi. Unga wa mahamri tuliukanda saa kumi jioni kwa tui na iliki, ukalala ukiumuka. Mbaazi zikaroweka usiku kucha. Kafyu ikiisha saa kumi na moja alfajiri, karai linatiwa mafuta. Ramadhani tukawafungashia wateja futari, mwenye boda akiondoka mapema ili saa moja imkute kwake. Wateja walilipa kwa M-Pesa, kwani kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa kumeondolewa ada, na kwa sahani za mia mbili, mia tatu, hilo lilitufaa sana.

Sikumfukuza mtu. Waliingia wawili wawili kwa zamu, malipo yakapungua, nami nikajikatia posho ya wiki nisiiguse droo. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, maana nyumbani pia kulikuwa na njaa yake.

Tarehe 7 Juni kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku, niliwasha tena jiko la mishkaki. Mahamri sikuyaacha. Deni la kodi nililimaliza Disemba, na mzee akalipigia mstari daftarini kwa kalamu yake mwenyewe.