Bawa la Puławski

Bawa limekaa. Jana usiku nililishikilia kwa vidole mpaka gundi ikauke, na asubuhi hii, hata kabla ya chai, nimekwenda kulikagua. Halijabanduka.

Ninaunda PZL P.11c, ndege ya kivita ya Poland ya mwaka 1939, kwa karatasi, kwa kipimo cha 1:33. Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa mita 10.72 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, kwa hiyo yangu itakuwa sentimita 32 na ushei. Kurasa niliziprinti steshenari kwenye karatasi nzito. Zana zangu ni wembe, rula ya chuma, gundi nyeupe na kalamu ya biki iliyoisha wino. Hiyo naipitisha juu ya mistari ya mikunjo ili karatasi ipinde palepale ninapotaka.

Kiwiliwili kilikwenda haraka. Kazi ilikuwa kwenye bawa.

Zygmunt Puławski, mhandisi aliyelibuni, alitaka rubani aone mbele. Bawa linatoka begani mwa ndege likiwa jembamba, linapanda mshazari, kisha linapinda na kunyooka kwenda nje. Linanenepa kadiri linavyoachana na kiwiliwili, na ni nene zaidi pale linaposhikwa na mihimili kutoka chini. Mbele ya uso wa rubani panabaki uwazi. Enzi hizo adui alitafutwa angani kwa macho, na Puławski aliliunda bawa zima kufuata macho hayo. Alifariki Machi 1931 katika ajali, akirusha ndege nyingine aliyoibuni mwenyewe. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Haya nilikuwa nimeyasoma, lakini niliyaelewa wembe ukiwa mkononi. Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu. Ukiilazimisha pande mbili kwa pamoja inakunjamana. Bawa hili linapinda na papo hapo linabadilika unene, kwa hiyo ngozi yake imegawanywa pale kwenye pindo, na ndani kuna mbavu za kadi, kila moja na kimo chake. Nilizipanga mezani kwa mfuatano, ya kiwiliwilini hadi ya ncha, na umbo zima likaonekana kabla sijabandika chochote. Kingo nyeupe zilizoachwa na wembe nimezipaka penseli ya rangi, kahawia ya kijani juu na samawati chini.

Kwa nini ndege hii, wakati wengi huunda Spitfire ya Uingereza? Naishi Arusha. Tengeru, si mbali na hapa, pana makaburi ya Wapoland, wengi wao wanawake na watoto waliochukuliwa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapitia Uajemi, wakafikishwa huku kuanzia 1942. Kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Kusoma majina yale kwenye mawe ndiko kulikonifanya nitake kujua nchi yao ilijilinda kwa ndege gani.

Ilijilinda kwa hii, pamoja na nyingine chache. Kufikia 1939 P.11c ilikuwa imepitwa: magurudumu hayakunjwi, rubani amekaa wazi kwenye upepo, mwendo haufiki kilomita 400 kwa saa, na Messerschmitt Bf 109E, ndege ya kivita ya Wajerumani, inapita 550. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, marubani wawili wa P.11c waliruka kutoka Balice karibu na Kraków; mmoja wao, kamanda Mieczysław Medwecki, alitunguliwa na kuuawa. Władysław Gnyś, aliyeruka pamoja naye, aliponea chupuchupu, na muda mfupi baadaye akakutana na Dornier mbili, ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu. Zote mbili ziliandikwa kwa jina lake kuwa amezitungua. Kila nikisoma habari hiyo nasimama hapo kidogo. Alikuwa ametoka kumwona mkuu wake akianguka, na bado aliendelea kupanda.

P.11c iliyosalia duniani ni moja tu, ipo makumbusho ya Kraków. Wajerumani waliipeleka Berlin kama nyara, na baada ya vita ikarudi mikononi mwa Wapoland. Namba yake ni 8.63, na ndiyo nitakayoweka.

Sasa nahamia injini, Mercury ya silinda tisa. Kila silinda ni kijipande cha karatasi kilichoviringishwa kwenye kijiti cha meno, nami nazizungushia uzi mweusi ziwe na mapezi yake ya kupoozea. Pete ya puani itafunika sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini nataka mapezi yawepo.