Mkikutana tawini kumkumbuka King Kibadeni

Anzeni na Julai 19, 1977. Simba 6, Yanga 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alipachika matatu! Jumanne Hassan "Masimenti" aliweka mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Hilo la kujifunga ndilo huleta ubishi, maana husahaulika haraka na hesabu ikagoma. Andikeni wafungaji ubaoni kabla wazee hawajaanza kusimulia. Kisha wapeni nafasi, dakika kumi kila mmoja bila kukatizwa. Kumbukumbu za mpira hutoka kidogokidogo. Picha za zamani zipite mkono kwa mkono zikiwa ndani ya nailoni, jasho la vidole huziharibu. Na atakayegusia kipigo cha 5-0 kutoka kwa Yanga mwaka 1968 aseme Sunderland, jina la zamani la klabu. Jina la Simba lilikuja 1971.