Kwaya ilirekodiwa kwenye Mac, mimi nina Windows

Usiku wa jana hapa Kirumba nimemaliza kumiksi wimbo wa kwaya ulionisumbua wiki mbili. Mwenzangu aliurekodi kwa Logic Pro, programu ya kurekodi na kumiksi muziki, kisha akahamia Bukoba na Mac yake. Kompyuta yangu ni ya Windows, na Logic huku haifunguki kabisa, ni ya mashine za Apple tu. Nikamwomba anitolee kila sauti peke yake kwa faili ya sauti ya WAV, kavu, yaani bila mwangwi wala madoido mengine, zote zianzie sekunde ya sifuri. Zikaja faili 23. Nilipozipanga, sauti za teno na besi zilikaa sawasawa kama siku ile, hadi mvua kwenye bati inasikika katikati ya ubeti wa pili. Nimeiacha, naipenda.

Sasa nafanyia kazi kwenye Reaper, nayo ni programu ya kurekodi na kumiksi. Inakubali Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60 bure, na haiilemei mashine yangu ya zamani. FL Studio, programu nyingine ya kutengeneza muziki, bado naitegemea kwa midundo. Tangu 2018 ipo hata kwenye Mac. Vijana wa Mwanza, kabla hamjalipia programu, ulizeni kwanza mnayeshirikiana naye anatumia kompyuta gani.

Mwangwi nimeutengeneza upya kwa sikio. Mwalimu wa kwaya anakuja saa kumi kusikiliza.