Saa nane usiku, ufunguo wa geti uko wapi?

Muhula mpya ukikaribia, hosteli za mtaani hapa Mtwara hujaa haraka, Chuno, Shangani, Ligula, Magomeni, mpaka njia ya Mikindani. Mwanafunzi anayetafuta chumba huuliza kama maji yapo, Luku ni ya pamoja au ya kila chumba, na bodaboda mpaka chuoni ni shilingi ngapi. Mzazi huuliza kuhusu uzio na mlinzi. Yote ni maswali ya haki. Liko moja linalosahaulika, na kwangu ndilo la kwanza: geti likishafungwa usiku, ufunguo unakaa wapi, na aliye ndani ataufikiaje?

Hosteli nyingi zimejengwa kumzuia mwizi. Ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, nondo kila dirisha, geti la chuma na kufuli. Mwizi anazuiwa kweli. Lakini siku ya moto, kilichomzuia mwizi kuingia ndicho kinachomzuia mwanafunzi kutoka.

Fikiria muda uliopo. Chumba chenye godoro la sponji, mapazia na nguo zilizotundikwa kinaweza kushika moto chote ndani ya dakika tatu hadi tano tangu mwali wa kwanza. Sponji ikiungua hutoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sianidi, na moshi huo humlegeza mtu kabla moto haujamgusa. Aliyelala haamshwi na harufu yake. Sasa katika dakika hizo weka mlinzi anayeamka gizani, anapapasa fungu la funguo kumi na mbili zinazofanana, huku watu wamejazana getini wanapiga kelele. Zimamoto wanapigiwa 114, na wapigiwe mara moja, lakini hata gari lao likiondoka papo hapo haliwezi kufika ndani ya dakika hizo tatu. Walio ndani lazima waweze kujitoa wenyewe.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa kila hosteli inayotumia kufuli ni funguo tatu. Wa kwanza mlinzi anauvaa shingoni kwa kamba. Hauachwi kwenye droo wala kwenye mfuko wa koti lililotundikwa. Wa pili unakaa upande wa wanafunzi, pembeni mwa geti, kwenye kisanduku chenye kioo chembamba cha kuvunja, na umefungwa kwa mnyororo unaofika kwenye kufuli, ili mtu asiuazime kwenda kumfungulia rafiki akasahau kuurudisha. Wa tatu anao matroni au kiongozi wa wanafunzi anayelala humohumo. Kufuli lining'inie upande wa ndani. Likiwa upande wa nje, funguo zote tatu ni bure kwa aliye ndani.

Kinachoharibu mpango huu ni jambo dogo. Kufuli linakufa, mwenye nyumba ananunua jipya, ufunguo mpya anapewa mlinzi. Kwenye kisanduku unabaki ule wa kufuli la zamani. Ukipita unauona, umening'inia vizuri nyuma ya kioo, na unaamini mambo yako sawa. Kwa hiyo funguo haziangaliwi kwa macho. Mara moja kwa mwezi kila mmoja uingizwe kwenye kufuli, uzungushwe, kufuli lifunguke.

Kwetu pwani kuna na chumvi. Hosteli inayopigwa na upepo wa bahari, kufuli la chuma la bei rahisi huanza kukwama miezi michache tu baada ya kununuliwa. Vuta kidogo kipande cha juu uone: kutu ya rangi ya chungwa inaanzia kwenye tundu kinapoingilia. Kufuli la shaba linadumu zaidi. Matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la ufunguo na kwenye bawaba za geti kila mwezi yanatosha. Msitie mafuta ya kupikia; yanaganda, yanashika vumbi, na kufuli linakuwa gumu kuliko mwanzo.

Kama mwenye nyumba ana uwezo, aachane na kufuli. Kitasa kinachohitaji ufunguo kwa nje na kuzungushwa kwa mkono kwa ndani kinafanya kazi zote mbili. Hofu yao ni kwamba mwizi atapenyeza mkono kati ya nondo akafungua. Fundi wa kuchomelea anaweka bati la chuma kuzunguka kitasa, mkono haufiki. Na geti lifunguke kwa nje, kwa sababu la kufunguka kwa ndani likisukumwa na watu thelathini wenye hofu halivutiki.

Halafu nondo za madirisha. Sisemi zing'olewe. Kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Kanuni za ujenzi za Uingereza zina kipimo kizuri cha kumpa fundi: uwazi usipungue mita ya mraba 0.33, upande wowote usiwe chini ya sentimita 45, na kingo ya chini isizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Uwazi wa sentimita 45 kwa 75 unatimiza hayo. Kitanda kisisukumwe kikaziba hapo, na komeo lisipakwe rangi likagandia.

Moto wenyewe, mara nyingi, unaanzia kwenye ekstensheni. Soketi zetu ni za ampia 13 kwa volti 230, yaani karibu wati 2,990, na fyuzi ya plagi ni ya ampia hizohizo. Ila waya wa ekstensheni nyembamba, ule wa milimita za mraba 0.75, unabeba ampia 6 tu, kama wati 1,380. Birika la umeme peke yake ni wati 1,500 hadi 2,000. Ongeza pasi ya 1,000 na umekwishafika karibu mara mbili ya uwezo wa waya, na fyuzi imetulia tu, kwa kuwa yenyewe inangoja ampia 13. Waya unachemka bila chochote kukatika. Ukiwa umeviringishwa chini ya kitanda ni mbaya zaidi, maana joto halina pa kwenda. Baada ya dakika kumi za matumizi gusa plagi kwa mgongo wa vidole; ikiwa ya moto kiasi cha kuutoa mkono, chomoa. Plastiki ya plagi na soketi ikizidiwa joto hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Katika mji wa pwani harufu ya samaki haimshtui mtu, kwa hiyo nawaomba: ukiisikia chumbani na hakuna aliyepika, zima umeme, kagua soketi moja moja.

Hita ya fimbo ina njia yake ya kuua. Inatumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki, umeme unakatika, mwanafunzi anaona muda wa kipindi umefika, anaondoka. Umeme unarudi saa nne hakuna mtu. Maji yanachemka mpaka yanapungua, koili inabaki hewani, ndoo inayeyuka, na kando yake kuna kitanda. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu ulichokuwa unatumia, hata kama unaamini utarudi baada ya dakika tano.

Mtungi wa gesi usikae chini ya kitanda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni na kujikusanya palepale. Ukae karibu na mlango au nje penye kivuli. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye miungio yote miwili ya mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, inavuja. Ukisikia harufu usiku, funga valvu, fungua mlango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu wa kilo 6 unatoa unga kwa sekunde kama 15 hadi 20, kisha umekwisha. Vuta pini, simama mita mbili hadi tatu, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, bana mkono wa valvu, fagia kulia na kushoto. Mlango wa kutokea uwe mgongoni kwako. Moto ukishazidi ukubwa wa pipa dogo la taka usishindane nao: toka na uufunge mlango nyuma yako. Mlango wa mbao uliofungwa huwapa walio koridoni dakika ambazo mlango uliobaki wazi huwanyang'anya. Unyevu wa huku hufanya unga ugande chini ya mtungi, hivyo sindano inaweza kusoma kijani na unga usitoke. Kila mwezi upindue mtungi kichwa chini, uugonge taratibu kwa kiganja, na mara moja kwa mwaka upelekwe kwa fundi anayetambulika.

Ukipiga 114, aliyepokea anahitaji kujua uko wapi kuliko kitu kingine chochote. Tangu kazi ya anwani za makazi ya 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina kwenye vibao. Andika namba ya nyumba, barabara na mtaa kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa kila chumba, pamoja na alama moja inayojulikana, msikiti, shule au kituo cha mafuta. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa anaolala. Mmoja atoke barabarani na tochi kulisubiri gari.

Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla hajavimba, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali ya Ligula. Dawa ya meno, yai na unga visimguse.

Jambo ambalo viongozi wa hosteli hawapendi kulizungumza ni kubebana. Chumba kimeandikishwa watu wawili, wanalala wanne. Watu wakishatoka, matroni anasoma daftari, wawili wanaitika, chumba kinahesabiwa kimekamilika, na mtu wa tatu yuko ndani. Wenzake wanajua ila wanaogopa adhabu. Nasema hili kwa uzito wote: hesabu ya dharura isitumike kamwe kumwadhibu mtu kwa kubebana, na hilo litangazwe mapema, kwa maandishi, likiwa limebandikwa ukutani. Badala ya kusoma majina, kila chumba kijibu swali moja: mlilala wangapi, na mpo wangapi? Mahali pa kukutania pawe upande wa pili wa barabara, si ndani ya uzio.

Zoezi la kutoka lifanywe angalau mara moja kila muhula, usiku, mainswichi imezimwa, na mlinzi asiwe ameambiwa. Zoezi la saa nne asubuhi halipimi kitu, maana geti liko wazi. Pimeni kwa simu tangu kelele ya kwanza mpaka mtu wa mwisho avuke geti. Zikizidi dakika tatu, tafuteni palipokwama. Mara nyingi ni kwenye ufunguo, au kwenye ngazi iliyowekwa madumu ya maji na pikipiki.

Kimbunga kinageuza kila kitu, maana hapo kutoka ndiko hatari. Kile kilichoipiga Lindi kilikuja Aprili 1952. Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote vilikuja mvua za msimu zikielekea ukingoni, wakati watu wamekwishalegeza macho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikipandisha rangi kutoka njano ya angalizo hadi chungwa ya tahadhari, ndio wakati wa kujaza maji na kuchaji simu; nyekundu ikifika maduka yamefungwa. Maji ya kunywa yahesabiwe lita nne kwa mtu kwa siku, siku tatu, yaani dumu la lita 20 halitoshi watu wawili. Chakula kiwe cha kutopikwa. Mvua za Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa na malori ya kuja kusini yakakwama, kwa hiyo msitegemee duka la jirani kuwa na akiba.

Kaeni chumba cha chini chenye dirisha dogo, mbali na mnazi au mwembe unaoegemea paa. Upepo ukikatika ghafla na mbingu ikatulia, msitoke kuangalia bati. Huenda mko katikati ya kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande uliokuwa salama. Subirini tangazo la redio.

Panga na msumeno wa mkono viwe ndani ya jengo tangu kabla ya upepo, visiachwe kwenye stoo ya uani. Kukipambazuka, angalieni kwanza kama kuna waya wa umeme uliolala chini, na kama upo msiusogelee. Kisha nendeni getini. Mti ukiwa umeliangukia, ufunguo hautasaidia, na geti linalofunguka kwa nje ndilo litakalokuwa limezibwa. Hapo mtaanza kukata matawi kutokea ndani.